Kabla ya Kwenda Bukoba, Muulizeni Babu
Wazazi wapenzi, mkiwapeleka watoto Bukoba, msiishie sokoni. Waonyesheni Kanisa Kuu, lilipo kaburi la Laurean Kardinali Rugambwa. Alizaliwa mwaka 1912 huko Kamachumu, Muleba, mtoto wa kijijini kama wenu. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa Kardinali.

Siku ya pili mwende Katuruka, karibu na Maruku. Hapo wenyeji wa kale waliyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita. Wataalamu walichimba tanuru zao kuanzia mwaka 1970, kwa kufuata masimulizi ya wazee.

Basi, kabla ya safari, watoto wakae kwanza na babu na bibi. Mzee akifa hajaulizwa, nani atatuonyesha pa kuchimba?