LMD: mwanafunzi akihama, masomo yake yanahama naye?

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vikuu vya Kongo viliingia katika mfumo wa LMD. Zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisanse. Sasa ni lisanse miaka 3, masta miaka 2, kisha doktora. Wazazi wengi wanafikiri ni majina tu yamebadilika. Hapana. Kikubwa ni namna ya kufundisha.

Katika mfumo wa zamani, mara mingi profesa alikuwa anasoma silabusi, wanafunzi wanaandika, na siku ya mtihani wanarudisha yale yale. Katika LMD, kazi inahesabiwa kwa kredi: 30 kwa semesta, 60 kwa mwaka. Ndani ya kredi kuna saa za darasani, na kuna saa za kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kutafuta, kutoka kwenda kuona. Mfano, mwanafunzi wa kilimo anaenda kuuliza wakulima juu ya ugonjwa unaokausha migomba, anaangalia shamba, kisha anarudi kueleza mbele ya wenzake. Profesa anamwongoza, hamsomei tu.

Shida ni kwamba saa hizo zinaomba vitabu, umeme na mega za intaneti. Pasipo hivyo, kazi ya mwanafunzi inageuka kunakili ya mwenzake. Lakini kuna mambo yanayowezekana bila feza mingi: profesa kutoa kozi kwenye fleshi, mukubwa wa promosyo akaigawa kwa telefone bila intaneti, kikundi kutumia kompyuta moja, mtihani kuuliza tatizo la kutatua, si maneno ya kukariri.

Na kwetu hapa mashariki kuna jambo lingine. Vita inahamisha watu. Kwa kanuni ya LMD, kredi uliyoipata haipotei: chuo kingine kinaweza kuipokea, kama programu zinafanana. Lakini lazima uionyeshe kwa karatasi. Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kila semesta ikiisha omba karatasi ya pointi zako, ipige picha, na umutumie mutu wa jamaa aliye mbali. Siku ya kukimbia, hakuna anayepata nafasi ya kupita kwanza ku sekreteria.