Nyuki wa Tanga Walisingiziwa

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanakumbukwa zaidi kwa sababu ya nyuki. Masimulizi yaliyozoeleka ni kwamba maelfu ya askari wa Uingereza walishuka Ras Kasone, wakajipenyeza mashambani, wakafukuzwa na makundi ya nyuki hadi baharini. Uingereza kwenyewe ulizuka uvumi kwamba Wajerumani ndio waliowatega nyuki hao kwa nyaya, makusudi, ili wawe silaha. Nyuki walikuwepo kweli, na waliuma kweli. Ila waliuma bila kubagua: kikosi kimojawapo cha bombomu cha Wajerumani nacho kililazimika kuacha kufyatua risasi kwa sababu yao.

Anayetaka kujua kwa nini watu wapatao 8,000 walishindwa na watu wapatao 1,000 hana budi kuwaacha wadudu na kuwatazama maofisa.

Meja Jenerali Arthur Aitken aliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba akiwa na kikosi kilichotoka jeshi la India. Alikuwa mtumishi wa miaka mingi katika jeshi hilo, na alipanda meli akiwa ameshaamua adui wake ni nani: askari weusi wasio na viatu, wakiongozwa na Wajerumani wachache, watakaotawanyika wakisikia mizinga. Jambo hili lazima lieleweke vizuri, maana Aitken husemwa kuwa alikuwa mtu wa kusitasita. Sivyo. Tatizo lake la kwanza lilikuwa kinyume cha hapo. Aliamua mapema mno, akiwa mbali mno, kisha akaufunga uamuzi huo kama barua iliyokwisha kutiwa muhuri.

Alipofika Mombasa mwisho wa Oktoba, alikutana na watu ambao wangeweza kuufungua muhuri huo. Maofisa wa King's African Rifles, yaani KAR, walikuwa wakiongoza askari wa Kiafrika na walijua askari wa Wajerumani ni watu wa namna gani. Walimtahadharisha, wakajitolea kumpa askari wao. Aitken alikataa msaada huo. Hakuwashusha hata watu wake wapumzike nchi kavu, ingawa walikuwa wamebanana melini kwa wiki kadhaa, wengi wakitapika kwa mawimbi. Baadhi ya vikosi vyake vilikuwa vimepewa bunduki za aina mpya karibu na siku ya safari, havijazizoea. Mengine yote yalikuwa na msamaha wake, lakini kuwakatalia KAR ni vigumu kukutetea.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, manowari Fox ilitangulia peke yake kuingia bandari ya Tanga. Nahodha wake, Francis Caulfeild, alikuwa na kazi ya heshima. Mwezi Agosti maofisa wa jeshi la majini la Uingereza walikuwa wamepatana na Wajerumani kwamba Tanga na Dar es Salaam zisiguswe. London haikuyakubali mapatano hayo, na Caulfeild aliona si uungwana kushambulia bila kuarifu. Akamwita mkuu wa wilaya, Dk. Auracher, akampa saa moja asalimishe mji.

Kisha akamuuliza kama bandarini kumetegwa mabomu ya majini.

Auracher, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya, hakumwondolea wasiwasi. Aliomba nafasi ya kushauriana na wakubwa wake, akarudi mjini, akapeleka simu Moshi, akavua nguo za kiraia na kuvaa sare yake ya luteni wa akiba. Bendera ya Ujerumani aliiacha ikipepea. Caulfeild alingoja, kisha akaanza kusafisha bandari akitafuta mabomu ambayo hayakuwepo. Kutwa nzima ikapotea hivyo. Msafara wa meli 14 za askari uliletwa karibu taratibu, na watu walianza kushushwa usiku, tena si bandarini bali nje ya mji, Ras Kasone, kwenye ufuko wenye mikoko na mwinuko wa kuchosha.

Alfajiri ya tarehe 3, Brigedia Jenerali Michael Tighe alisukumwa mbele na sehemu tu ya brigedi yake. Wajerumani na askari waliokuwepo mjini walikuwa wachache sana, lakini waliwarudisha nyuma. Aitken akaona heri wote washuke kwanza. Siku ya pili nayo ikaenda.

Huko Moshi simu ya Auracher ilimkuta Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, ofisa wa miaka 44 aliyekuwa ameingia nchini Januari mwaka huohuo. Kati ya Moshi na Tanga kulikuwa na reli ya Usambara, kilomita 352 hivi, yenye vichwa vya treni vichache. Kila treni ilibeba kombania moja na mizigo yake, zaidi ya hapo isingeweza. Lettow alianza kuwapakia watu wake bila kungoja. Gavana Heinrich Schnee, ambaye kisheria alikuwa mkubwa wake, hakutaka miji ya pwani ipigwe mabomu, na alikuwa amesisitiza Tanga iepushwe na janga hilo. Lettow aliamua kupigana Tanga, akijua kwamba akishindwa atabeba lawama mbili: ya kushindwa na ya kuasi.

Alifika kiasi cha saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 4, akashukia kilomita chache magharibi ya mji. Pale palikuwa na majeruhi wa jana yake na maofisa waliochoka, na kila mmoja alikuwa na habari zake. Wengine walisema mji umeshachukuliwa. Lettow hakubishana nao wala hakutuma mtu. Alijongea mwenyewe na wenzake wachache hadi mjini, akakuta mitaa mitupu, nyumba za Wazungu zimefungwa, mbalamwezi imetanda. Akapanda baiskeli akaendelea mpaka ufukweni upande wa Ras Kasone. Mbele yake meli za Waingereza zilikuwa zimewasha taa, na kelele za watu wakishusha vitu zilisikika wazi. Alisikitika kwamba mizinga yake miwili ya zamani ilikuwa bado njiani.

Mwandishi wa leo anaweza kuuliza: je, mkuu wa jeshi la nchi nzima ana ruhusa ya kuzunguka kwa baiskeli mbele ya adui? Angekamatwa, vita vya Afrika Mashariki huenda vingeisha asubuhi ile. Ni hatari ya kipuuzi, ukiipima hivyo. Lakini kulipopambazuka Lettow alijua mambo matatu ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia kwa uhakika: mji ni mtupu, adui bado yuko ufukweni, na shambulio litapitia kwenye mashamba yaliyo mashariki ya mji. Aliwapanga watu wake juu ya ardhi aliyoikanyaga kwa miguu yake. Aitken alikuwa na ramani.

Waingereza walianza kusonga mchana wa tarehe 4, jua likiwa utosini. Mji haukupigwa mizinga kwanza, na mizinga midogo ya mlimani iliachwa juu ya meli, ikarusha kutokea huko bila kuona inapopiga. Askari walitembea ndani ya mashamba ya mpira na vichaka vizito, kila kikosi kikipoteza kuona jirani yake. Baadhi ya vikosi vya India vilivunjika kwa risasi za kwanza za bombomu; kimoja kikakumbana na nyuki. Wengine hawakuvunjika hata kidogo. Askari wa North Lancashire na wa Kashmir waliingia mpaka mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba, wakapandisha bendera ya Uingereza juu ya hoteli ya Deutscher Kaiser. Uhodari huo ni ushahidi dhidi ya Aitken, kwa kuwa unaonyesha alikuwa na watu wa kutosha kushinda.

Upande wa pili nao mambo hayakuwa shwari. Kapteni Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, aliuawa. Baadhi ya askari walianza kurudi nyuma, na katika kumbukumbu zake Lettow anaeleza alivyomwona Kapteni Hammerstein, kwa hasira, akimtupia askari mmoja aliyekuwa akikimbia chupa tupu. Hapo ndipo penye mtihani wa kamanda. Lettow alikuwa ameweka kombania upande wa kusini, ambako mstari wa Waingereza uliishia bila ulinzi, na alizuia nguvu hiyo isitumike mapema wakati mji mbele yake ulikuwa ukienda. Alasiri, kombania nyingine ilipokuwa imeshuka tu kwenye treni, aliwaachia. Bombomu zilipiga ubavuni, na mstari wote wa Waingereza ukakunjika kuelekea ufukweni.

Yaliyofuata usiku ule hayaandikwi sana katika vitabu vinavyomtukuza Lettow. Tarumbeta ilipigwa, maofisa wake wakadhani ni amri ya kurudi kambini, na kombania zikaondoka mjini kuelekea magharibi. Kwa saa kadhaa Tanga haikuwa na mtu wa kuilinda. Lettow alipoligundua hilo alianza kuwarudisha watu gizani, lakini mshindi wa mchana alikuwa ameuacha wazi mlango wa nyumba.

Aitken hakupeleka watu wa kutosha kuuchungulia mlango huo. Yule aliyekuwa na uhakika wote kule Bombay sasa alikuwa hana uhakika hata kidogo, na tarehe 5 aliamuru askari warudi melini. Amri ilitekelezwa kwa haraka kiasi kwamba ufukweni ziliachwa bunduki mamia kwa mamia, bombomu, vifaa vya simu na risasi zaidi ya nusu milioni. Lettow aliweza kuzipa kombania zake kadhaa silaha za kisasa kwa ngawira hiyo. Waingereza zaidi ya 800 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Kwa miezi kadhaa serikali ya London iliwaficha wananchi wake habari hiyo. Aitken alishushwa kuwa kanali, akapewa nusu mshahara, asiongoze tena vitani.

Kwa hiyo Lettow akawa jina kubwa. Lakini sifa za kamanda huhesabiwa kwa kawaida na watu waliokaa mbali na gharama zake. Ushindi wa Tanga ulimpa hoja dhidi ya Schnee, na silaha za kuendeleza vita ambavyo havikukoma mpaka tarehe 25 Novemba 1918, aliposalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Katika miaka hiyo minne vikosi vyake vilikula walichokuta: nafaka, ng'ombe, mbegu za msimu ujao. Vijiji vilivyopitiwa na majeshi yote mawili vilibaki na njaa, kisha homa ya mafua ya mwaka 1918 ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Mtu aliyekwenda usiku kuhesabu taa za meli kwa macho yake hakuwa na jicho kama hilo kwa wapagazi waliombebea risasi, waliokamatwa vijijini na kufungwa kamba wasitoroke.

Waingereza nao hawakuwa na la kujivunia. Wapagazi wao, ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya wanahistoria yanaweka vifo vyao karibu 95,000. Huko Kenya wengi walikufa kabla ya kulipwa, na mishahara yao ikabaki mikononi mwa serikali kwa madai kwamba hakuna aliyekuja kuidai. Mabishano kuhusu fedha hizo yaliendelea hadi miaka ya 1930, na familia zao hazikuzipata.