Gome, Jani na Baridi ya Usambara

Msafiri anayetoka Muheza mjini kwenda Amani huacha nyuma joto la minazi na mashamba ya mkonge, na baada ya kona nyingi za mlima huanza kutafuta kitu cha kujifunika. Amani iko takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, katika Milima ya Usambara Mashariki. Mvua yake ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na udongo wake una kina na tindikali. Hapo ndipo Wajerumani walipoanzisha, mwaka 1902, taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo. Miongoni mwa mimea mingi waliyoijaribu ulikuwemo mkwinini, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambao gome lake lilikuwa tegemeo la dunia dhidi ya malaria.

Mkwinini si mti mmoja. Aina iitwayo succirubra ni ngumu: hukua haraka na huvumilia mahali ambapo nduguze hufa, lakini kwinini iliyomo katika gome lake ni kidogo. Ledgeriana ni kinyume chake. Ni mti mwororo, unaodai udongo mzuri, ubaridi usiofika kwenye jalidi, na maji yasiyotuama mizizini. Gome lake, hata hivyo, laweza kuwa na kwinini zaidi ya asilimia 10.

Ujuzi huo ulikuwa na gharama yake. Mbegu za ledgeriana zilikusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani, mtumishi wa mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger, na mwaka 1865 zikawafikia Waholanzi, ambao walizipanda kisiwani Java. Waholanzi wakalishika soko la kwinini la dunia nzima. Mamani alifungwa na kupigwa kwao, akafa. Huko Java wakulima waligundua kwamba ledgeriana hustawi ikipandikizwa juu ya shina la succirubra, ndipo mizizi ya mti mgumu ikabeba gome la mti mwororo.

Vita vya mwaka 1914 vilipofunga njia za bahari, kwinini ya kutoka nje ilikatika katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wataalamu wa Amani wakageukia magome ya Usambara na kutengeneza dawa kwa ajili ya askari. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka sehemu ya kaskazini ya koloni, Amani ikiwemo, na majeshi yaliyokuwa yakirudi kusini yakabaki kuchemsha gome na kunywa maji yake machungu. Katika sufuria ile hakuna aliyeweza kusema kikombe kimoja kina kwinini kiasi gani. Ilitegemea aina ya mti, umri wake, mlima ulikoota na muda wa kuchemsha. Kwinini pungufu huacha vimelea hai. Iliyozidi huvumisha masikio, hutapisha, hufifisha macho, huvuruga mapigo ya moyo na kushusha sukari ya damu.

Jani lililokuja kuchukua nafasi ya gome lina mambo yayo hayo, ila kwake tatizo kubwa ni mwanga. Artemisia annua ni mmea wa China, na artemisinini yake ilitengwa mwaka 1972 na kundi la watafiti lililoongozwa na Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni mmea wa siku fupi, yaani huchanua usiku unaporefuka. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima. Mbegu ya asili ikipandwa katika nchi kama hii hudhani msimu umekwisha: huchanua ingali fupi, majani yakiwa machache, na dawa imo majanini. Wakulima wa nchi baridi za kaskazini hupambana na kinyume cha hayo. Mimea ya siku fupi, bangi ikiwa mojawapo, huko huchelewa kuchanua hadi baridi kali ikaikuta shambani, kwa hiyo huko hutafutwa mbegu inayowahi. Huku kwetu, ambako bangi ni marufuku na artemisia ni halali, iliyohitajika ni mbegu inayochelewa.

Mbegu hiyo ilipatikana Uswisi: chotara iitwayo Artemis, inayochelewa kuchanua, yenye artemisinini inayozidi asilimia 1 ya uzito wa majani makavu. Katika miaka ya 2000 kilimo chake kilienea katika nyanda za juu za Arusha, na kiwanda cha kukamua artemisinini kikajengwa Athi River, Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania ilianza kutumia dawa mseto, yaani artemetha na lumefantrini, kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali.

Pamoja na hayo yote, hata chotara hiyo haiaminiki ikiwa bustanini. Ikivunwa baada ya kuchanua, dawa hupungua. Ikikaushwa au kuhifadhiwa vibaya, hupungua tena. Kisha artemisinini haiyeyuki vizuri majini, na chai ni maji. Katika utafiti uliofanywa Kongo na kuchapishwa mwaka 2004, wagonjwa 132 walipewa ama chai ya artemisia ama kwinini. Baada ya siku 7, vimelea vilikuwa vimetoweka kwa wastani wa asilimia 74 ya waliokunywa chai, na asilimia 91 ya waliopewa kwinini. Wengi wa wanywaji wa chai waliugua tena katika wiki zilizofuata. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa tiba wala kinga. Dozi hafifu huwapa nafasi vimelea sugu, na vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini tayari vimeonekana mkoani Kagera.

Katika miaka ya 1950 majengo ya Amani yalipewa taasisi ya malaria. Gome lenyewe lilishindanishwa na jani chini ya mlima huohuo. Hospitali ya Teule ya Muheza na ile ya Magunga, Korogwe, zilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 9 za Afrika, vilivyolinganisha sindano za artesuneti na za kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na asilimia 10.9 kwa kwinini. Kwa mzazi aliyebeba mtoto mwenye degedege usiku, tofauti hiyo si ndogo.

Wagonjwa wenye shina la artemisia nyuma ya nyumba wapo, na wengine huficha wakihofia kukaripiwa. Swali la upole hufungua mengi: “Shikamoo bibi. Chai hiyo umeinywa siku ngapi?” Chai yaweza kupunguza vimelea kwa muda na kutuliza homa bila kuponya, hivyo aliyeinywa hupimwa kama wengine. Majibu yakionyesha malaria isiyo kali, hupewa dozi kamili ya dawa mseto: mara mbili kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Mwenye dalili za hatari, kama kupoteza fahamu, degedege, kutapika kila kitu au kushindwa kunywa, huanzishiwa artesuneti na kupelekwa hospitali. Kwinini nayo haijaondoka kabatini. Hutumika pale artesuneti na sindano ya artemetha zinapokosekana, na sukari ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara.