Maktaba ni Haki ya Mlipa Kodi

Watu wengi huipima serikali kwa hotuba zake. Sisi twaona ni afadhali kuipima kwa daftari lake la hesabu. Katika hotuba kila serikali huipenda elimu. Katika daftari ndimo tuonamo shilingi imekwenda wapi, na imekwenda kwa nani. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, na hasa wafanyakazi, yale yaliyosemwa na daftari la ukoloni juu ya shule na maktaba za Afrika ya Mashariki, maana funzo lake lingali na faida.

Na tuanze kwao wenyewe Waingereza. Mwaka 1850 Bunge la London lilipitisha sheria iliyowaruhusu madiwani wa miji mikubwa kutoza nusu peni katika kila pauni ya thamani ya majumba, ili ziwekwe maktaba za watu wote. Sheria ile ilikuwa na upungufu wa ajabu: fedha ziliweza kujenga nyumba na kulipa mishahara, lakini hazikuruhusiwa kununua vitabu. Ikabidi irekebishwe mwaka 1855; kodi ikawa peni moja, na vitabu vikaanza kununuliwa. Basi watawala wetu walijua tangu zamani kwamba maktaba ya watu husimama kwa kodi, chini ya sheria, mwaka baada ya mwaka.

Huku makoloni mambo yalikuwa mengine. Mjini Nairobi maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931. Ilijengwa na mjane wa tajiri William Northrup McMillan kwa ukumbusho wa mumewe, kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani. Ni jengo la fahari, lenye nguzo za mawe na simba wawili mlangoni. Lakini hadi mwaka 1958 lilikuwa la Wazungu peke yao. Kwa muda wa miaka 27 karani wa Kiafrika aliweza kupita mbele ya ngazi zile kila asubuhi akienda kazini, na kodi yake akailipa kila mwaka, wala hakuwa na ruhusa ya kuingia kuazima kitabu kimoja.

Kwa Waafrika kulikuja chombo kingine. Mwaka 1948 liliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Lilichapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi zetu, likapeleka makasha ya vitabu vijijini, na likawaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Hatuwanyimi shukrani walioifanya kazi hiyo, kwani wako wananchi wengi waliosoma kitabu chao cha kwanza kwa njia hiyo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Lakini mtu mzima mwenye akili zake haambiwi kwamba kifuu ndiyo bahari. Mmoja alipewa jumba lenye nguzo, mwingine akangojea kasha.

Katika shule hali ilikuwa hiyo hiyo. Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kabila kwa mfumo wake na kwa fungu lake la fedha. Sehemu kubwa ya shule za Waafrika ziliachwa mikononi mwa misheni, nayo serikali ikitoa ruzuku. Mifumo hiyo iliunganishwa kuwa mmoja tangu Januari 1962, baada ya uhuru. Na urithi tuliouachiwa tunaujua, kwa sababu Mwalimu Nyerere aliuandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa 490,000, na wengi wao waliishia darasa la nne. Wa sekondari walikuwa 11,832. Wa kidato cha sita, katika nchi nzima, walikuwa 176.

Jibu la watawala lilikuwa kwamba nchi ni maskini, na fedha hazipo. Twauliza: hazikuwapo kwa kazi gani? Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa, bandari ikachimbwa Mtwara. Ardhi ikakataa, mvua zikakataa, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa, hasara ikiwa pauni milioni 36. Ni kweli fedha hizo zilitoka katika hazina ya Uingereza, hazikutoka katika kodi ya Tanganyika. Lakini ndiyo maana twazitaja. Waingereza walikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, na fedha zikapatikana upesi. Njaa ya Mwafrika ya kusoma haikupata haraka kama hiyo.

Madhara yake yalimfika mfanyakazi. Mtoto aliyetoka darasa la nne akarudi katika nyumba isiyo na kitabu, katika kijiji kisicho na gazeti, kusoma kulimtoka kama maji katika pakacha. Alipoajiriwa mashambani au bandarini aliwekewa karatasi mbele yake atie dole gumba, asijue imeandikwa nini juu ya mshahara wake na saa zake za kazi. Shule bila maktaba ni kupanda mbegu na kunyima maji. Serikali iliyolipia nusu ya kazi ilikuwa inaipoteza hata ile nusu iliyoilipia.

Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba, S. W. Hockey, alitoa taarifa iliyoshauri kila nchi ya Afrika ya Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba iliyowekwa kwa sheria. Tanganyika ilipitisha sheria hiyo mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, na Kenya mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, na mlangoni hapakuulizwa mtu rangi yake. Tukumbuke pia kwamba Chuo Kikuu kilipoanza mwaka 1961 hakikuwa na majengo yake. Kilifundisha katika jumba la TANU, mtaa wa Lumumba, lililokuwa limejengwa kuwa makao ya chama. Uhuru ulibadilisha daftari.

Lakini yafaa tuseme kweli: sheria na jengo si mwisho wa kazi. Waingereza wa mwaka 1850 walipata nyumba bila vitabu, na sisi twaweza kufika huko huko kwa njia nyingine. Fungu la vitabu ndilo jepesi kukatwa fedha zikipungua. Barabara mbovu hulalamikiwa na kila dereva. Rafu tupu hailalamikiwi na mtu, kwa kuwa aliyekosa kitabu huondoka kimya. Mwaka wa kwanza rafu hukosa vitabu vipya, mwaka wa pili mkutubi huhamishwa na nafasi yake haijazwi, na mwaka wa tatu watu husema, “Wananchi hawapendi kusoma.” Huo ni uwongo ule ule wa zamani, isipokuwa mara hii twajisemea wenyewe.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu katika matawi na katika vyama vya wafanyakazi wafanye jambo moja. Makadirio ya halmashauri yanaposomwa, diwani aulizwe waziwazi: mwaka huu ni shilingi ngapi za kununua vitabu, na mwaka jana zilitumika ngapi? Asikubaliwe kujibu kwa habari za jengo. Tusione haya kuuliza, kwani hatuombi sadaka. Fedha zile zimetoka katika jasho letu, na kitabu kilicho rafuni ni sehemu ya ujira wetu.