Mkulima Usiyesikia Vizuri, Namba ya Siri Ibaki Yako

Msimu wa kuuza umefika na simu zimeanza kuita. Kwa mwenzetu asiyesikia vizuri, simu inayoita ni shida hata kabla hajajua mnunuzi anatoa bei gani. Wapo wengi kuliko mnavyodhani, na siyo viziwi wa kuzaliwa tu. Ukishinda kwenye mashine ya kupukuchua mahindi miaka kadhaa bila kuziba masikio, nawe unaelekea hukohuko. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inatosha kuharibu usikivu taratibu.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mnunuzi anapiga, mkulima anampa simu mdogo wake amsikilizie. Leo anasikiliza, kesho anasoma meseji ya pesa, keshokutwa anaijua namba ya siri kwa sababu "ni mtu wa nyumbani". Kuna mkulima wa vitunguu ninayemtembelea ambaye hela ya mauzo ilitoka kwenye simu yake kwa njia hiyo, na hakuna tapeli wa mbali aliyehusika. Anayekusaidia kusikia hahitaji namba ya siri. Yeye aongee bei, menyu ya pesa ushike wewe.

Tena menyu hiyo haitaki masikio. *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money ni maandishi matupu. Kwa hiyo mzigo usipande gari kwa sababu umeonyeshwa meseji. Angalia salio mwenyewe kwanza.

Halafu kuna zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayesikia anapiga kuhakikisha, wewe huwezi. Hapo ndipo matapeli wanapokupatia. Pangeni mapema na mnunuzi au muuza pembejeo wako neno ambalo lazima liwemo kwenye kila meseji ya malipo, au mpigie WhatsApp ya video uione sura yake. Kwa wanaotumia lugha ya alama, video ni mkombozi. Meseji ya kitapeli ipeleke TCRA kwa namba 15040.

Ukiwa na simu janja, washa mtetemo, na kama simu yako inaruhusu, mwanga wa kamera umulike ikiita. Kwa Android ipo Live Transcribe ya Google, ya bure: inaandika anachosema mtu aliye mbele yako, na Kiswahili kimo. Ila bei usiiachie mashine. Sitini na sabini zikichanganywa kwenye magunia hamsini, hasara yake unaijua. Mwambie mnunuzi aandike tarakimu.

Kama kuna mtu alikusajilia laini kwa kitambulisho chako cha NIDA, bonyeza *106# uone ni namba ngapi zina jina lako. Na kama namba ya siri ameshaijua, ibadilishe leo, kabla mzigo haujapimwa.