KOSA LISILOWEZEKANA LIKITOKEA NDANI YA SIMU

Tuseme basi limetoka Bunda linakwenda Musoma. Likikaribia Makutano, penye njia ya kuingilia Butiama, taa nyekundu ya oili inawaka. Dereva afanye nini? Azime injini pale pale katikati ya barabara, na lori linakuja nyuma? Au asogee pembeni, asimame, kisha amweleze fundi alichokiona?

Swali hilo linawakabili pia waandishi wa kerneli, yaani kile kiini kinachogawa kumbukumbu ya mashine na kuzipanga programu zamu. Kerneli ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, ndiyo iliyomo katika simu za Android, hata ile ambayo mchuuzi wa samaki wa Mwigobero anapokelea malipo yake.

Ndani yake yamepandwa maswali ya kujihakiki. Kwa mfano, kitu kilichowekwa katika kumbukumbu huwa na hesabu ya wanaokitumia. Hesabu ikifika sifuri, nafasi yake inarudishwa ghalani ili apewe mwingine. Chini ya sifuri haiwezi kushuka. Ikishuka, basi kuna aliyekosea.

Zamani wengi walitumia amri iitwayo BUG_ON: ukiona jambo lisilowezekana, iue kazi hiyo papo hapo. Lakini kazi iliyouawa huenda imeshika kufuli ambalo wenzake wanalisubiri! Simu nzima inaganda, na pengine hata taarifa ya kosa haiwahi kuandikwa. Hapo fundi ataanzia wapi?

Ndiyo maana mwongozo wa Linux sasa unaikataza BUG_ON, unataka WARN_ON: piga kelele, andika, kisha tafuta njia salama ya kutokea. Mwaka 2017 iliingizwa hesabu ya aina mpya ambayo ikiharibika inagandishwa, na nafasi ile haigawiwi tena kwa yeyote. Kumbukumbu kidogo inapotea, lakini programu mbili haziandiki juu ya ukurasa mmoja.

Mimi naafiki, ila si kila mahali. Penye daftari la fedha za watu, heri mashine isimame kuliko iendelee kuandika uongo. Na Linux inaruhusu hilo: mwenye mashine anaweza kuamuru kwamba kila onyo liisimamishe. Anayeamua ni yeye, si mwandishi wa programu asiyejua mashine ile inafanya kazi gani Musoma.