Duka la vyakula lililogeuka benki, afisi na ghala la gesi

Siku hizi duka la vyakula la Kisauni, Majengo au Likoni hulitambui kwa vyakula vyake. Mlangoni pana mitungi ya gesi iliyofungwa kwa mnyororo. Ukutani kuna nambari ya wakala wa M-Pesa na za benki mbili tatu. Ndani mashine ya fotokopi imewekwa juu ya magunia ya mchele, na kando ya kreti za mayai pametundikwa malapa, chaja za simu na mikoba ya shule. Ukiuliza tungule na vitunguu unaambiwa vimekwisha, pengine kesho.

Wako wanaosema huu ni ulafi wa wenye maduka. Mimi sikubaliani nao. Wengi hawakuwa na hiari, kama nitakavyoeleza. Ninachokiona ni kwamba wameingia biashara hizi bila ya kuelezwa hesabu yake, na duka la mtaa likifungwa hasara haimwangukii mwenyewe peke yake. Inamwangukia pia yule aliyekuwa akikopa unga pale hadi mwisho wa mwezi.

Kuchanganya bidhaa si jambo geni hapa pwani. Wazee wetu wamekulia kwenye duka la Mshihiri, jina lililotokana na mji wa Shihr ulioko Hadhramaut. Duka lile lilikuwa na mchele, sukari, tende na mafuta ya taa, na papo hapo likawa na sindano, nyuzi, ubani na kalamu. Huduma pia zilikuwepo. Watu waliweka amana zao kwa mwenye duka wakamwamini. Barua za nusu ya mtaa zilifika kwa sanduku lake la posta. Mvuvi alikula kwa deni wakati wa kusi bahari ikichafuka, akaja kulipa kaskazi iliporudi.

Tofauti ni kwamba amana ile na deni lile vilikuwa baina ya watu wawili na daftari moja lililolala chini ya meza. Leo mwenye duka ni wakala. Anauza huduma ya mwengine, kwa kamisheni iliyopangwa na mwengine, na kumbukumbu zote zinakaa kwa mwengine huyo.

Kwa nini akubali? Kwa sababu vyakula vya kila siku vina faida nyembamba mno. Bei ya unga wa sima, sukari, maziwa na mkate kila mtu anaijua kwa moyo. Ukiongeza shilingi tano mteja anavuka barabara. Faida iko kwenye vitu ambavyo mtu hakumbuki alivinunua kwa bei gani mara ya mwisho: ndoo, chaja, malapa, kufuli. Hii ndiyo siri ya supamaketi kuuza runinga na vitanda mkabala na rafu ya maziwa. Maziwa yanakuita, ndoo inamlipa mwenye duka.

Huduma za pesa nazo zinaita miguu. Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi wa Machi 2007, na ilihitaji watu wenye mlango wazi tangu alfajiri hadi usiku, wanaojulikana na majirani zao. Nani huyo kama si mwenye duka? Mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya ikatoa mwongozo wa kuziruhusu benki nazo zitumie mawakala, na mabango yakaongezeka. Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ikaitaka Safaricom iwaache mawakala wake wahudumie pia mitandao mingine. Baada ya hapo duka lisilokuwa na uwakala wowote likawa ni duka la kupitwa.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Tuseme mtu ana mtaji wa shilingi 100,000. Anatenga 60,000 kwa uwakala. Hizo zinakaa mahali pawili: sehemu ni pesa taslimu kwenye droo, sehemu ni floti ndani ya simu. Mteja akiweka 5,000, droo inapanda 5,000 na floti inashuka 5,000. Mteja akitoa, ni kinyume chake. Jumla inabaki 60,000 ile ile. Pato lake ni kamisheni tu, nayo haiko kwenye droo.

Jioni vijana wa bodaboda na wauza mboga wanakuja kuweka mapato yao, na droo inajaa. Asubuhi yake ina 40,000. Kati ya hizo, mauzo ya duka ni 6,000. Zilizobaki, 34,000, ni za uwakala, na 26,000 nyingine ziko kwenye simu. Hapo anafika mwenye gari la sukari, anataka 30,000 na hakopeshi. Mwenye duka anamlipa. Hakuna aliyeibiwa, wala hakuna aliyekusudia baya, lakini 24,000 za uwakala zimegeuka sukari, na sukari hiyo itauzwa kilo kilo kwa wiki mbili. Mchana mama aliyetumiwa pesa na mwanawe aliyeko Muscat anakuja kutoa 15,000. Kwenye droo mna 10,000. Anaambiwa ajaribu duka la mbele.

Akienda duka la mbele mara ya pili na ya tatu, huko huko atanunua na mafuta ya kupikia. Hivi ndivyo duka linavyopoteza wateja wa vyakula kwa ajili ya biashara iliyoletwa ili iwavute. Na tukumbuke kuwa vyakula vyenyewe vilibakishiwa mtaji wa 40,000 tu, ambao nao umegawanywa na gesi na malapa. Ndiyo maana tungule zimekwisha.

Nimewaona wachache wanaofanya vyema, na dawa yao ni rahisi hata inachekesha: mikebe miwili yenye vifuniko vya rangi mbili, na kila usiku kujumlisha mkebe wa uwakala na floti ya simu. Isipotimia 60,000, kesho hakununuliwi bidhaa hadi pengo lizibwe.

Maradhi haya hayawashiki wadogo peke yao. Nakumatt ilianza Nakuru kwa kuuza magodoro. Jina lenyewe limeungwa kwa Nakuru na kifupi cha neno la Kiingereza la magodoro. Ikaingia vyakula, nguo, fanicha na vifaa vya stima, ikafungua matawi zaidi ya 60 hapa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Wengi wetu tuliizoea pale City Mall, Nyali. Supamaketi huchukua bidhaa kwa waletaji na kulipa baada ya wiki au miezi, ilhali mteja analipa papo hapo. Kwa hivyo daima mna pesa nyingi kwenye sanduku ambazo zina wenyewe. Mtu akizitumia kufungulia tawi jipya, na tawi lisiuze kama alivyotarajia, anamlipa mleta maziwa wa jana kwa pesa za mleta sabuni wa leo. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Droo ya mtaani na sanduku la Nakumatt zimetofautiana kwa sufuri tu.

Kuna jambo moja ambalo sina upole nalo, nalo ni gesi. Malapa yakilala karibu na unga hayaui mtu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kwenye dirisha, inatambaa sakafuni hadi ipate cheche, na kwenye duka dogo cheche iko kwenye friji inayojiwasha na kujizima. Kanuni za mwaka 2019 ziliondoa ule mfumo wa lazima wa kubadilishana mitungi ya kampuni mbalimbali, na zinamtaka muuzaji wa rejareja awe na leseni ya EPRA na idhini ya mwenye chapa ya mtungi. Wanaokwepa hayo huishia kununua mitungi iliyojazwa vichochoroni. Moto wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 1, 2024, ulianzia mahali pa kujazia gesi ambapo EPRA ilisema hapakuwa na leseni.

Kwa hivyo ukinunua gesi dukani, muulize mwenye duka leseni yake bila ya kuona haya. Tazama mitungi imewekwa nje penye hewa au imerundikwa nyuma ya magunia. Hakikisha muhuri wa juu haujaguswa, kisha mtungi uwekwe kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Utoe kwenye uzito uliousoma, na kilichobaki kinapaswa kuwa kilo 6 au 13, kwa kadiri ya mtungi uliolipia.